Zénon Alitumika kwa Mheshimiwa

Siku ya kwanza Zénon alipotamka kwamba anatumika kwa Mheshimiwa, Wazanzibari wa Clairwood, mjini Durban, walicheka mpaka Machano akapaliwa na chai.

"Anatumika!" Machano akasema, machozi yanamtoka. "Yakhe, na mwenyewe unakiri? Unatumika kama nini, kama fagio au kama tambara la deki?"

Zénon alikuwa amesimama mlangoni na filimbi shingoni, hajui kilichowachekesha. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu za kizamani, aliyefundisha shule ya msingi Bujumbura kabla vita havijamkimbiza. Akarudia polepole, kama anayesomesha darasa la pili. "Mimi natumika kwa Mheshimiwa. Tangu lundi, siku ya Jumatatu. Nafundisha timu yake ya mpira. Sasa iko ubaya gani hapo?"

Aliyemwokoa ni Jecha. "Mwacheni Mwalimu," alisema. "Kwao kutumika ni kufanya kazi, basi. Mtu wa Bujumbura, wa Uvira, wa Bukavu, akikwambia katumika mchana kutwa, ujue kafanya kazi mchana kutwa. Sisi watu wa pwani ndio tunaosikia mengine."

Lishikeni hilo, maana baadaye watu walisema mengi. Jecha alijua. Alijua kabla ya wenzake wote, na ndiye aliyewasomesha.

Jecha huyu alikuwa kijana wa Donge, kaskazini ya Unguja, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Kiingereza alikipata skuli, Kizulu alikiokota mabarabarani Durban, na Kiswahili cha Wakongo alikizoea kwa kukaa nao. Palipokwama mtu wa Kiswahili, hospitali au kwa mwenye nyumba au mbele ya askari, palisikika sauti moja tu: mwiteni Jecha. Alikaa chumba kimoja na Zénon nyuma ya gereji ya malori, vitanda viwili na jiko moja la umeme. Mwalimu alipika maharage, Jecha akasoma barua za Kiingereza. Na kila Jumapili Mwalimu aliandika barua yake mwenyewe kwenda kambini Kigoma, kwa mkewe Odette na binti yao Iteka, aliyemwacha hajaota meno ya mbele na sasa alikuwa na miaka mitano.

Mchana wote wawili walikuwa banda la machungwa karibu na bandari. Machungwa yaliteremka kwa malori kutoka mashamba ya bara, yakamwagwa kwenye mkanda, watu wakayachambua, wakayapanga kwenye makasha, meli ikayachukua kwenda Ulaya. Ilikuwa kazi ya msimu, lakini ilikuwa kazi, na wasimamizi hawakuuliza sana habari za makaratasi.

Basi mwaka ule wa tisini na nane ikaingia habari ya madoa. Ulaya walikuwa na kanuni yao: chungwa lenye doa jeusi kwenye ganda lisiingie kwao, wanaogopa ugonjwa usienee kwenye michungwa yao. Ukionekana ugonjwa kwenye kasha moja, shehena nzima hatarini. Ndani chungwa tamu, maji yanachuruzika, lakini ganda lina kinukta, hilo si la Ulaya. Malori yakaanza kupungua. Watu wa bandani wakaanza kurudishwa nyumbani saa nne asubuhi, na wengine wakaambiwa wasije kesho.

Hapo ndipo Mheshimiwa aliponyanyuka. Alikuwa diwani, jina lake Mthalane, mtu wa kifua na sauti, aliyecheza mpira ujanani na bado akitembea kama anayengoja pasi. Timu alikuwa nayo tangu zamani, inaitwa Amawolintshi, maana yake Machungwa kwa Kizulu, na wachezaji wake walikuwa wafanyakazi wa mabandani. Wazulu walikuwemo, na Watanzania, na Warundi. Kanuni ya Ulaya ilipokuja, Mheshimiwa aliifanya timu kuwa mdomo wake. Alishonesha jezi mpya za rangi ya chungwa, zimetapakaa madoa meusi kifuani na mgongoni. Mwenzangu, uzione! Timu ya Pinetown walipoziona mara ya kwanza waliuliza kama ni tetekuwanga.

Kila Jumapili kabla ya mchezo alipanda nyuma ya bakkie yake, pikapu ya wazi, na kipaza sauti. "Ulaya wanataka chungwa lisilo na doa," alinguruma. "Mimi nauliza, huko Ulaya wanakula maganda?"

"Hapana!" uwanja ukapokea kwa vicheko.

"Nionesheni hapa mtu asiye na doa! Nani? Wewe mama? Wewe baba mwenye wake wawili na mmoja hajui?" Hapo watu walikuwa wanagaragara. Kisha sauti yake ikashuka. "Mtu akikukataa kwa ganda, hakukujua. Hawa vijana wanaochambua machungwa haya ni wangu. Na hawa waliotoka mbali ni wangu vilevile. Nitasimama nao."

Jecha aliwatafsiria wenzake maneno hayo pembeni ya uwanja, na alipofika kwenye "ni wangu vilevile" mwili ulimsisimka. Tusimpunje Mheshimiwa. Wakati ule alikuwa akisema kweli, au alikuwa akiamini anasema kweli. Alileta maji, alileta mipira, na mchezaji alipovunjika mguu ni yeye aliyembeba kwenye gari lake.

Kwa Zénon alikuwa na ahadi mahususi. Karatasi ya hifadhi ya Mwalimu ilikuwa inakwisha Alhamisi ya kwanza ya Septemba, na mara ya mwisho ofisa wa Home Affairs, idara ya uhamiaji, alimwambia wazi asirudi mikono mitupu, aje na mtu wa nchi hii wa kumdhamini. Mheshimiwa alimwambia, mbele ya Jecha aliyekuwa akitafsiri, kwamba msimu ukiisha atamwandikia barua kwa mkono wake na atakwenda naye mpaka dirishani. Na mkewe na mtoto nao, akasema, tutaangalia. Mwalimu hakulala vizuri kwa furaha. Aliandika Kigoma usiku huohuo.

Sasa sikilizeni ilivyoharibika.

Mwishoni mwa Agosti wageni kutoka Ulaya walikuwa waje Durban kutazama bandari na habari ya machungwa. Mheshimiwa alipata wazo: wapitishwe uwanjani, waone Amawolintshi na jezi za madoa, na televisheni iwepo. Wachezaji walipigana vikumbo kwa hamu. Jecha alikuwa amefunga mabao tisa msimu ule akiwa winga ya kushoto. Alipiga simu Unguja kwa shangazi yake, akamwambia mwambieni mama, mwanawe ataonekana kwenye runinga na Wazungu.

Alhamisi kabla ya mchezo Zénon alikuja mazoezini na karatasi mkononi. Macho hayainui.

"Mheshimiwa anasema Jumamosi watacheza wenyeji peke yao," alisema. "Sisi wageni wote tutavaa jezi, lakini tutakaa pembeni. Anasema Ulaya wakiona wageni watasema hizi kazi si za wenyeji. Ni match moja tu, ndugu zangu."

Wachezaji wageni walikuwa tisa. Jina la Jecha lilikuwa la kwanza kukatwa, kwa kalamu ya Mwalimu mwenyewe, maana ndiye mkufunzi na orodha ni yake.

"Na wewe umekubali?" Jecha akamuuliza.

"Vumilia, mon frère, ndugu yangu."

"Mabao tisa, Mwalimu! Nani kafunga mabao ya timu hii? Tumekuwa wake mpaka Wazungu waje, wakija tunafichwa. Na wewe unashika kalamu!"

"Barua yangu iko tayari," Zénon alisema kwa sauti ndogo. "Ameniambia. Nifanye nini?"

"Kwa hiyo umetuuza kwa barua."

Mwalimu aliukunja ule ukurasa mara nne akautia mfukoni, akapuliza filimbi, wakaanza kukimbia. Usiku ule alipika maharage kama kawaida. Jecha alijigeuza ukutani, akasema ameshiba.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Wageni wa Ulaya walikaa chini ya turubai, wanne na kofia zao, na Mheshimiwa katikati yao anaonesha hili na lile. Wale tisa walikaa kwenye nyasi kavu upande wa pili, jezi zao safi, viatu vimefungwa. Amawolintshi walikuwa wanafungwa mabao mawili. Kila mpira ulipokwenda winga ya kushoto ukapotea, Machano alimtazama Jecha akafyonza.

Akaja mwandishi wa gazeti, dada wa Kihindi wa hapo hapo Durban, na daftari. Aliwaona wale tisa, akashangaa kwa nini hawachezi. Akamwendea Zénon kwa sababu ana filimbi. Zénon alimwita Jecha kwa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akatabasamu, kama kwamba kazi ya kutafsiri itawapatanisha.

"Anauliza wewe ni nani kwa diwani," Jecha akasema.

Mwalimu akasimama wima, akaiweka sawa kola yake. Alitaka kumsifu mtu wake, basi. Alitaka gazeti zima lijue. "Mwambie nimetumika kwa Mheshimiwa miaka miwili. Nimetumika sana, nimetumika vizuri. Na vijana wangu hawa wote wametumika."

Jecha aliyasikia maneno mara mbili. Aliyasikia kama yalivyosemwa, na akayasikia kama Machano angeyasikia. Na hayo ya pili yakamwingia moyoni yakafaa, maana ndiyo yaliyokuwa yakimchoma tangu Alhamisi. Akamgeukia yule dada, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba Mwalimu anasema diwani amemtumia miaka miwili, amemtumia sana, amemtumia vya kutosha, na vijana wake hawa wote wametumiwa hivyo hivyo.

Kalamu ikasimama. "Amemtumia?" dada akauliza. "Ana hakika na neno hilo?"

"Anauliza una hakika?" Jecha akasema.

"Hakika kabisa!" Zénon akajibu, akacheka kwa fahari, akajipiga kifuani kwenye madoa. "Andika, mama, andika!"

Akaandika. Na tuseme kweli tupu, Jecha aliona raha. Raha ya dakika moja, lakini aliiona.

Jumatatu gazeti likatoka. Picha ya Zénon robo ukurasa, amejishika kifua, na juu yake kichwa cha habari kwamba diwani anayepinga uonevu wa Ulaya anawatumia wakimbizi. Chini walimnukuu mmoja wa wale wageni wa Ulaya akisema kwa upole kwamba labda Mheshimiwa aanze kusafisha nyumbani kwake. Bandani watu walilipitisha mkono kwa mkono. Jioni Jecha alimsomea Mwalimu, na hata hapo aliruka mistari, akasema ni habari za mpira tu. Mwalimu alikata picha yake na maandishi ya juu kwa kisu amtumie Odette.

Jumanne waliitwa ofisini kwa Mheshimiwa. Gazeti lilikuwa mezani, na kando yake barua, imepigwa chapa, haina saini. Mheshimiwa hakunguruma. Uso wake ulikuwa umevimba kama mtu aliyekesha msibani.

"Baraza zima limenicheka," alisema. "Habari ya machungwa imekufa, hakuna atakayenisikiliza tena. Lakini nataka kujua kwa mdomo wake. Nimekutumia, Mwalimu?"

Jecha akatafsiri. Zénon hakuelewa. Ilibidi aambiwe mara tatu gazeti limesema nini, na mara ya tatu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Hapana! Hapana, Mheshimiwa! Mimi nilisema natumika kwako! Nilikuwa nakusifu!" Akamgeukia Jecha. "Mwambie! Mweleze kutumika ni nini!"

Jecha akaeleza. Kiswahili chao na chetu, Mheshimiwa, maneno yanafanana, maana zinatofautiana. Ulimi umeteleza. Alieleza vizuri sana, kwa maana kueleza ndiyo kazi aliyoijua.

Mheshimiwa alimgeukia. "Na wewe hukujua?"

"Sikujua, Mheshimiwa."

"Umekaa naye chumba kimoja miaka miwili."

"Sikujua."

"Haya. Basi nenda kwa yule mwandishi ukamwambie hivyo hivyo, kwa jina lako na picha yako. Gazeti likitoka Alhamisi asubuhi na maneno hayo, barua hii nitaitia saini na nitakwenda naye mwenyewe." Akaisukuma ile barua mbele kidogo, waione.

Walipotoka nje Zénon alimkumbatia Jecha barabarani, malori yanapita. "Umesikia? Kesho saa sita. Tukutane kwenye robot, pale kwenye taa za barabarani mbele ya ofisi za gazeti. Nitavaa suti." Kisha akamshika bega. "Na usijisumbue roho. Kosa ni la lugha, si lako."

Bora angemtukana. Jecha hakula siku ile. Jina na picha! Yeye hakuwa hata na karatasi inayokwisha, hakuwa nayo kabisa. Askari yeyote angelikata gazeti akaja nalo Clairwood. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na ilikuwa sababu ya kweli. Lakini chini yake palikuwa na nyingine. Akikaa mbele ya yule dada ataulizwa tena, hukujua? Na yule dada aliuliza mara mbili siku ile. Angekumbuka.

Jumatano asubuhi Jecha alipanda taxi akaenda Pinetown, nje ya mji. Alijiambia anakwenda kuuliza kazi viwandani. Hakuuliza kazi popote. Alishinda stendi ya taxi, akanunua chai, ikapoa, akanunua nyingine. Saa sita alitazama saa. Saa saba alitazama saa. Saa nane akasema moyoni, bado nikiondoka sasa nafika. Hakuondoka. Na Mwalimu alikuwa amesimama kwenye robot mjini na suti yake ya kahawia, taa zinabadilika nyekundu kijani, nyekundu kijani, watu wanavuka yeye havuki, kuanzia saa sita mpaka ofisi zilipofungwa. Gloriose, Mrundi mwenzake aliyeuza nguo njia ile, alimwona, akamletea ndizi, akakataa. Alisema anamngoja ndugu yake.

Jioni walikutana chumbani.

"Nilipata kibarua Pinetown," Jecha akasema. "Cha ghafla."

Zénon alikuwa anavua viatu, miguu imevimba. "Kazi ni kazi," akasema. "Labda kesho watanielewa tu. Nitawaeleza mwenyewe kwa Kiingereza changu. Utanisindikiza?"

"Kesho zamu yangu ya asubuhi."

"Sawa, mon frère. Sawa."

Alhamisi alitoka na suti ileile, na kwenye mfuko wa ndani ile picha ya gazeti, ushahidi pekee aliobaki nao kwamba anajulikana. Hakurudi. Jecha alipika maharage kwa mara ya kwanza, yakaungua, akangoja. Siku ya tatu Gloriose alikuja mlangoni akasema Mwalimu hakufanyiwa upya karatasi. Ofisa alimuuliza mdhamini wako nani, akatoa ile picha, na ofisa akasoma maneno ya juu yake. Walimchukua hapo hapo, yuko njiani kwenda kurudishwa kwao.

Mheshimiwa alikuja wiki mbili baadaye. Hasira zilikuwa zimemtoka. Alisimamisha bakkie mbele ya gereji, akateremka na bahasha. "Mpe Mwalimu," alisema. "Nimeitia saini. Eish, mtu hawezi kukaa na kinyongo maisha." Jecha akamwambia Mwalimu ameshachukuliwa. Mheshimiwa akaegemea gari, akaitazama ile bahasha, akaitazama barabara. Aliondoka taratibu, na timu haikucheza tena. Ulaya hawakubadili hata nukta. Nusu ya banda ilifungwa kabla ya Krismasi, na Jecha alikuwa kwenye nusu hiyo.

Novemba ikaja habari nyingine, kwa Gloriose tena, kwa simu ya kaka yake. Zénon alifika Bujumbura salama. Wiki ya pili alipanda basi, anatafuta njia ya kuvuka mpaka aende Kigoma kwa mkewe. Basi lilisimamishwa njiani na watu wenye bunduki. Waliteremshwa watu kumi na mmoja, na Mwalimu alikuwa mmoja wao. Walizikwa hapo hapo kando ya barabara. Gloriose alisema hayo bila kukaa, kisha akakaa chini kwenye sakafu akalia, na Jecha akasimama pale, mikono haina pa kuiweka. Tangu siku ile hakutafsiria mtu. Walimwita hospitali, akasema anaumwa. Walimwita kwa askari, akasema wamtafute mwingine. Machano alimtania kwamba amemeza ulimi, akaona uso wake, akaacha.

Kambini Kigoma walipeleka habari, lakini haikumkuta mwenyewe. Odette alikuwa ameshaondoka. Barua aliyoipata ilikuwa ile ya mwezi wa nane, ya furaha, iliyosema Mheshimiwa ameahidi. Alikuwa ameuza mgao wake na sufuria zake, akamshika mtoto mkono, akashuka Zambia, akashuka Zimbabwe, lori kwa lori.

Alifika Clairwood Januari, mchana. Machano aliwaleta mpaka mlangoni, akasema "Wageni wako, Jecha," akaondoka mbio bila kutazama nyuma. Odette alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, midomo imepasuka kwa jua, na mtoto amemshikilia kitenge.

"Wewe ndiyo Jecha?"

"Ndiye mimi, shemeji."

"Mungu asifiwe." Akakaa kwenye kitanda cha Zénon bila kuambiwa ni kipi. Labda aliiona suruali ya mazoezi ukutani. "Aliniandikia, kama nikifika na asipokuwepo, nikutafute wewe. Alisema, Jecha ndiye kinywa changu huku." Akatabasamu kwa kuchoka. "Iko wapi? Iko kazini?"

Jecha aliwapa maji. Uongo alikuwa nao tayari, aliutengeneza tangu Novemba na ulikuwa mzuri: magazeti, lugha, kudra za Mwenyezi Mungu. Aliufungua mdomo autoe. Akamwona mtoto anakunywa kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyokuwa akishika baba yake. Uongo ukamkwama. Akasema kweli. Aliisema yote, tangu orodha na mabao tisa, na lile swali la yule dada, na robot, na Pinetown, na basi. Alitumia Kiswahili chepesi, asije akaeleweka vibaya.

Odette hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Ulijua maana ya neno lake," alisema.

"Nilijua."

"Na yeye, alijua kwamba ulijua?"

"Hapana. Alidhani nimekosea."

"Basi alikufa anajua kwamba iko na rafiki." Alisema hivyo tu, bila ukali, na Jecha akajua hakuna kipigo alichowahi kupigwa kilichofika pale.

Mtoto aliweka kikombe chini, akamvuta mama yake kitenge, akauliza jambo kwa Kirundi. Jecha hakujua Kirundi hata kidogo. Odette alimpangusa mtoto maji kidevuni, akamgeuza taratibu amwelekee Jecha.

"Anauliza papa wake anarudi saa ngapi," alisema. "Mjibu wewe. Sema, nami nitamtafsiria, neno kwa neno."

Jecha alipiga magoti sakafuni, uso kwa uso na mtoto. Iteka alimtazama, akangoja.